Mhariri anataka Katana awe Kadzo

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Pwani. Nina umri wa miaka 37, sijaoa. Ukurasa wako nimeusoma tangu nikiwa chuoni na sikudhani siku moja ningekuwa upande huu wa kuuliza. Nakuomba unisitiri.

Nimeandika riwaya. Niliianza shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, nikaiacha, nikairudia, na sasa imekwisha. Mambo yanatokea Mombasa mwaka 2091. Bahari imemeza Mtongwe na sehemu kubwa ya Likoni, kisiwa kimezungushiwa ukuta, na madaraja ya Nyali na Makupa yana mageti. Maji ya kunywa bado yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho, kama leo, ila bomba linalindwa na wanajeshi na hupati hata kikombe bila kipande. Jina hilo nimelikopa kwa Waingereza waliowavisha babu zetu kipande shingoni. Hiki changu hupachikwa chini ya ngozi ya kisogo. Maji hugawiwa kwa familia, na familia kwa wakubwa wa kisiwa ni mume, mke na watoto wao. Mwanamume asiye na mke hupata nusu. Wanaume wawili wakikutwa wanaishi pamoja kama wapenzi, vipande vyao huzimwa.

Wahusika wakuu ni wawili. Shee alikuwa askari wa maji. Siku moja pale Changamwe aliamriwa kuifyatulia risasi foleni ya watu wenye madumu, akafyatua. Katana ni msukuma mkokoteni, mwizi wa maji na mwongo mwenye ulimi mtamu. Wote wawili wanaingia katika kundi la waasi linalotaka kulipua bomba la Mzima, huku wakijua kwamba Voi, Maungu na Mariakani watakufa kiu kabla wakubwa wa kisiwani hawajahisi lolote. Humo ndimo wanamopendana. Wanagombana, wanadanganyana, wanaibiana sigara, na wakilala mmoja hushika kisu.

Katikati ya kitabu Shee anakamatwa. Katana anakwenda kwa wakubwa usiku, anawatajia nyumba walimojificha wenzao kumi na mmoja, na kwa bei hiyo Shee anaachiwa. Shee hajui. Anakuja kujua kurasa za mwisho kabisa, na habanduki. Kitabu kinaishia hapo.

Mhariri mmoja wa Nairobi aliusoma mswada akanipigia simu kunisifu hadi nikaona haya. Halafu akasema, “Ila mwalimu, huyu Katana mfanye awe Kadzo. Mvishe leso, mengine yote yaache yalivyo.” Alinikumbusha kwamba kwa lugha yetu hata viwakilishi sitahitaji kuvigusa. Anasema mchapishaji anayeishi kwa vitabu vya shule hawezi kuuza kitabu hiki kilivyo, lakini akiwa Kadzo anaona kitafika mbali. Anataka jibu kabla ya Pasaka.

Upande wa pili yupo mtu nitakayemwita Z. Ni zaidi ya rafiki, wewe ni mtu mzima utanielewa. Nilimpa mswada kabla ya mtu yeyote. Aliusoma usiku kucha, asubuhi akaniwekea mezani. Akaniambia, “Vitabu vya Kiswahili vinavyotutazama sisi kama watu ni vya kutafuta kwa tochi. Leo unaandika kimoja, unatutia humo kama wauaji na wasaliti. Si ndivyo wanavyotusema kila siku?” Anataka niwasafishe hawa wanaume, au kitabu nikifungie kabatini.

Kuna jambo jingine, sijui kama lina uzito. Miaka kadhaa nyuma Z alikamatwa usiku akapelekwa kituo fulani. Hakushtakiwa. Walimnyang’anya simu, wakamtishia kumpigia babake. Akatoa pesa, hazikutosha. Akatoa majina matatu. Mmoja wa hao watatu alifukuzwa na mwenye nyumba na akahama mji. Z hakuwahi kumwambia mtu ila mimi, usiku mmoja stima zilipopotea. Ile sura ya Katana kwa wakubwa ilizaliwa hapo. Lakini nimebadilisha kila kitu: mwaka, kazi, jina, hata bahari. Tangu asome, nikimwandikia hunijibu “sawa” tu.

Je, nikubali Kadzo? Nitafute jina la bandia nikitoe kwingine, hata kama ni mtandaoni? Au nimsikilize Z niwasafishe? Mama naye kila nikienda Kilifi ananiulizia harusi, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Mwalimu, Pwani


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kuichapa barua yako nilikuandikia kukuuliza kama Z anajua kwamba umeniletea habari zake. Ulinijibu kwa neno moja: “Anajua.” Alisema nini alipojua, hukuniambia. Nimeondoa alama zote nilizoweza kuondoa, na ukiisoma hapo juu utaona vitu viwili vitatu nimevigeuza kwa makusudi. Wapo wasomaji watakaoniandikia kwamba barua ya namna hii ilistahili kutupwa. Barua zao nitazisoma, kwa heshima. Huyu naye ni msomaji kama wao.

Umeniuliza mambo matatu kuhusu kitabu. La nne hukuliuliza. Umelisimulia tu, ukalitanguliza kwa “sijui kama lina uzito”. Nitalifikia.

Nianze na mhariri, maana naona umemweka upande wa maadui na sina hakika anastahili. Soko la vitabu vya Kiswahili Kenya unalijua kuliko mimi, kwa sababu unalishwa nalo darasani. Riwaya hupata wasomaji wengi ikiteuliwa kuwa kitabu cha mitihani, na haiteuliwi bila kupita mikononi mwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Mchapishaji anayetegemea muhuri huo hawezi kuhatarisha orodha yake nzima kwa kitabu kimoja, hata akikipenda. Huyu mhariri angeweza kukunyamazia kama wengi wanavyofanya. Alikupigia simu, akakusifu, akakutajia bei. Unaweza kuikataa bei bila kumchukia aliyeitaja.

Ila anaposema “mengine yote yaache yalivyo”, hapo namshuku. Hebu jaribu kwenye karatasi. Katana akiwa Kadzo, yeye na Shee ni familia halali ya kisiwani. Wana haki ya mgao mzima. Kinachowazuia kwenda dirishani kujiandikisha ni nini? Wakubwa wangemshika Katana kwa lipi? Ukurasa ambapo mmoja analala na kisu utasomwaje, mwenye kisu akiwa mume na wa pembeni akiwa mke? Utalazimika kujenga upya sheria ya maji, sababu ya uasi, na pengine hata kile kisa cha Changamwe. Inawezekana, na huenda kikatokea kitabu kizuri ambacho watoto wengi watakisoma. Kitakuwa kitabu kingine. Nawe jiulize kama una nguvu za kuandika kitabu kingine, na kama siku kitakapozinduliwa utaweza kumsikiliza mtu akimsifu Kadzo.

Kuhusu kukitoa kilivyo, tusitishane wala tusidanganyane. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 162, inaadhibu tendo linaloitwa la kinyume cha maumbile kwa kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 kinaadhibu yale kinayoyaita matendo machafu kati ya wanaume kwa hadi miaka 5. Mahakama Kuu iliombwa kuvifuta, ikakataa tarehe 24 Mei 2019. Lakini vifungu hivyo vinahusu matendo, na riwaya si tendo la aina hiyo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanii waziwazi. Kuna pia kifungu cha 181 kuhusu machapisho machafu, ambacho mtu mwenye nia mbaya anaweza kukichomoa akakuelekezea. Kwa hiyo kurasa za faraghani zipitie kwa jicho la wakili wa upande wa pili, si la mpenzi wa fasihi.

Utakumbuka filamu ya Wanuri Kahiu, *Rafiki*, iliyohusu wasichana wawili wa Nairobi. Bodi ya filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Mwongozaji alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wake, kwa kuwa ulikuwa na matumaini na wasichana hawakuonekana kujuta. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakajaa kumbini. Vitabu havipiti kwa bodi hiyo, hilo ni nafuu kwako. Nakutajia kwa sababu ya lile ombi la kubadilisha mwisho. Wewe nawe unaombwa kitu cha jinsi hiyo, tena kutoka pande mbili. Mhariri anataka mwanamke, Z anataka watu wasafi, na kila mmoja anaamini amegusa kidogo tu.

Kinachonitia hofu zaidi ya mahakama ni chumba cha walimu. Mzazi mmoja mwenye hasira, mwanachama mmoja wa bodi ya shule, picha ya ukurasa mmoja ikizungushwa kwenye WhatsApp, na mwajiri wako hatahitaji kifungu chochote cha sheria kukufanyia maisha yawe magumu. Jina la bandia lina msaada, lakini lina tundu. Umefundisha miaka mingi. Wanafunzi wako wanaijua sentensi yako, wanajua misemo unayoipenda na unavyozuia pumzi kabla ya kutua. Mmoja akikusoma atakutambua bila kuona jina. Kingine: mtu akishajificha nyuma ya jina, analazimika kulilinda kila siku, na anayeifahamu siri yake anakuwa na bei. Haya umeyaandika mwenyewe, katika Mombasa ya 2091.

Mtandaoni hakuna mpaka. Kitabu ukikiweka Nairobi kitasomwa Dar es Salaam na Kampala usiku huohuo. Tanzania adhabu ya tendo lenyewe haipungui miaka 30. Sheria ya Uganda ya 2023 imeweka hadi miaka 20 kwa kile ilichokiita kuhamasisha. Wewe huenda usiguswe. Msomaji wa huko atakayekitumia wenzake, huyo je? Ningependa umfikirie kabla ya kubonyeza.

Ukitaka ushauri wa mawakili wanaoyajua mambo haya, Nairobi kuna shirika la NGLHRC, linalotetea haki za mashoga na wasagaji. Lilinyimwa usajili miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Februari 2023 kwamba lina haki ya kusajiliwa. Waulize kabla hujasaini mkataba wowote.

Sasa hoja ya Z kuhusu wauaji na wasaliti. Hii nimeihangaikia. Nchi yetu haijawahi kustarehe na waasi wenye madoa. Wapiganaji wa Mau Mau waliitwa mashetani na Waingereza, na marufuku ya mkoloni dhidi yao ilibaki vitabuni hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Kisha mwaka 2007 tukamsimamishia Dedan Kimathi, kiongozi wao, sanamu jijini, tukataka wote wawe malaika. Kati ya shetani na malaika, mtu alipita wapi? Mnamo Aprili 1954, Waingereza walipoifagia Nairobi, walikuwapo watu waliovishwa magunia yenye matundu ya macho, wakitikisa kichwa kuwaonyesha wenzao waliokuwa wamekula kiapo pamoja. Jenerali China, mmoja wa makamanda wa Mau Mau, alikamatwa Januari mwaka huohuo, akahukumiwa kunyongwa, akaponea baada ya kukubali kuwasaidia Waingereza kuwashawishi wenzake msituni wajisalimishe. Baadaye alifungwa jela ya Lokitaung pamoja na Kenyatta, na nchi ilipopata uhuru alitumikia taifa. Msaliti? Shujaa? Aliyekuwa akiokoa maisha ya wengi, au yake? Watu waliomjua hawakukubaliana. Kama riwaya ya Kiswahili ya miaka ijayo itamwandika mwasi wa aina hiyo, nitainunua. Na kama huyo mwasi anampenda mwanamume mwenzake, sioni kwa nini yeye peke yake alazimishwe kuwa mtakatifu ndipo aruhusiwe kupendwa na msomaji.

Hata hivyo, Z naye ana haki. Jenerali China alikuwa na jamaa, kabila, kitabu alichojiandikia mwenyewe, na wengi waliompinga walikuwa na sauti zao. Doa lake halikumwagikia kila mwanamume wa Nyeri. Watu kama Z hutajwa gazetini wakikamatwa tu. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale na kupimwa mwilini kwa nguvu, na ikachukua hadi Machi 2018 kwa Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa kusema kwamba upimaji ule ulivunja haki zao. Aliyeishi Pwani miaka hiyo, akijua anaweza kuwa yeye, akasoma kitabu ambamo mwanamume anayempenda mwanamume anauza watu kumi na mmoja, usitarajie akipime kwa mizani ya fasihi.

Huenda swali la “wasafi au wachafu” silo linalowasumbua. Nikuulize lingine kama msomaji. Hao kumi na mmoja wana majina? Katika barua yako Shee ana jina, Katana ana jina, hata Mariakani ina jina. Waliouzwa wana hesabu. Kama na kitabuni ni hivyo, basi nadhani Z aliona kitu ambacho hakupata maneno ya kukisema: kwamba umeyafanya mapenzi ya wawili kuwa makubwa kiasi cha kuwafuta wengine wote, na msomaji ataondoka akidhani mapenzi yamemsafisha Katana. Na yule Shee asiyebanduka, je, amesamehe? Au hana pa kwenda, kwa kuwa kisiwa kina mageti na kipande chake kimezimwa? Wewe unamwona akipenda. Mimi kwa muhtasari uliouandika namwona amenaswa. Labda kitabu kinalijibu hili vizuri, sijakisoma.

Nimefika kwa lile la nne.

Umeniambia Z amekasirishwa na picha unayowapa watu wa namna yao. Alisema “sisi”. Mwanangu, mtu akiumia mahali asipoweza kupaonyesha, husema “sisi” kwa sababu “mimi” inachoma. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyo kwa Z. Inawezekana kabisa anamaanisha alichosema, neno kwa neno, na pia ana hili la pili. Lakini umesema alikuwa mtu wa kwanza kuupata mswada. Ulipompa, ulitarajia nini atakapoifikia sura ile? Ulimtahadharisha? Au ulitamani ajikute mwenyewe humo, aone kwamba umemwelewa, na kwamba Shee, yaani wewe, amejua yote na bado yupo? Kama ndiyo, ile ilikuwa barua ya mapenzi. Basi fikiria mtu anayepokea barua ya mapenzi ambamo siri yake kuu imeandikwa kwa herufi za chapa, na mwandishi anamwambia kuna mhariri wa Nairobi ameipenda sana.

Unasema umebadilisha kila kitu. Mwaka, kazi, jina, bahari. Ulichoacha ni kile kimoja alichokupa stima zilipopotea: kwamba mtu anaweza kutaja majina na kuendelea kuishi. Z alikitambua mara moja. Yupo mwingine anayeweza kukitambua. Wale watatu wanasoma Kiswahili. Mmoja alipoteza nyumba na mji. Kitabu kikisifiwa, kikimfikia huko aliko, akawa anajua kwamba wewe na Z ni watu wa karibu, hatahitaji ramani. Sisemi hili litatokea. Nasema katika hatari zote ulizonihesabia, mchapishaji, kazi, sheria, hii hukuihesabu, nayo haikuelekei wewe.

Hapa nitakuuliza jambo gumu, na unaweza kunikasirikia. Ulipoandika, nadhani ulijiona ni Shee: aliyejua na akabaki. Katika mambo ya mswada huu, kati ya wewe na Z, nani amebeba siri ya mwenzake na kuipeleka kwa mtu mwenye uwezo wa kutoa kitu alichokitaka sana? Sisemi kwamba umefanya alilofanya Katana. Hukutishiwa, wala hakuna aliyekufa. Waandishi wote hula maisha ya walio karibu nao, na bila hilo tusingekuwa na riwaya yenye damu. Ila Katana naye alikuwa na sababu nzuri. Ndiyo maana ulimpenda hadi ukamwandikia kitabu.

Ufanyeje? Njia naziona kadhaa na hakuna iliyonyooka.

Unaweza kumwendea Z, bila mswada mkononi, na kuzungumzia usiku ule badala ya kitabu. Pengine hajapata mtu wa kumuuliza aliishije baada ya hapo, kama amewahi kumtafuta yule aliyehama, kama analala. Hatari yake ni kwamba akianza kusema utajikuta unasikiliza kama mwandishi. Unajijua.

Unaweza kumwomba ruhusa. Anaweza kusema hapana, na utabaki na kitabu bora ulichowahi kuandika kikiwa kabatini, na kinyongo kinachokua taratibu kati yenu. Anaweza kusema ndiyo, na hiyo inanitisha zaidi kuliko hapana, kwa kuwa mtu anayeogopa kuachwa hutoa ruhusa ambazo hana. Ukipata ndiyo, usiichukue siku hiyohiyo. Mwache alale nayo, umuulize tena baadaye, na umwambie wazi kwamba hapana yake haitamfukuza kwako. Liseme hilo kama tu ni kweli.

Unaweza pia kuigeuza sura ile. Katana anaweza kumnunua Shee kwa bei nyingine: ramani ya bomba, kipande cha mtu aliyekufa, mkono wake mwenyewe. Utasema kitabu kitapoa. Labda. Au labda ukilazimika kutafuta usaliti ambao hakuna aliyekukabidhi, utapata ulio wako. Sijui mwalimu wa fasihi atasemaje kuhusu hilo, wewe ndiye mwalimu.

Na ipo njia ya kungoja. Huipendi, nimeona ulivyoiandika Pasaka kama tarehe ya mtihani. Hadithi ya 2091 haitachacha mwaka huu wala ujao. Mwambie mhariri unahitaji muda kwa sababu za kifamilia, nao si uongo. Akiondoka, utakuwa umepoteza mhariri anayejua Kiswahili kizuri, na hao si wengi, nakubali.

Kuhusu mama, hukuniuliza, nami sitajibu. Nimeona tu kwamba barua ndefu namna hii imeishia kwake.

Kama utaniandikia tena, anza na habari za Z, kitabu kifuate. Na ikiwa yeye mwenyewe anasoma ukurasa huu: mwanangu, nawe ukitaka kuandika, anwani ni hiihii, na barua yako haitachapwa usipotaka.